Nchi Jirani: Somo la Uraia la Malawi na Mtu Mwenye Sare



Askari anayelinda mpaka wa Kasumulu akitazama ng'ambo ya mto Songwe huiona ardhi ya Malawi. Kila siku ya masomo katika nchi hiyo jirani, watoto wenye umri wa miaka 14 au 15 huingia katika madarasa ya kidato cha kwanza na cha pili, wakafungua madaftari yao na kumsikiliza mwalimu. Miongoni mwa mambo wanayofundishwa katika Maarifa ya Jamii ni namna raia anavyoshiriki katika utawala wa nchi yake. Somo hilo hufundishwa kwa chaki na ubao, na kwa mtu mwenye haraka laweza kuonekana kuwa jambo dogo lisilowahusu watu wa majeshi. Lakini historia ya Malawi tangu mwaka 1992 imeonyesha kwamba somo hilo halimalizikii darasani. Mtihani wake wa kweli hufanyika barabarani, na mmoja wa wasahihishaji wa mtihani huo ni mtu aliyevaa sare ya jeshi au ya polisi.

Yafaa kwanza ikumbukwe Malawi ilikotoka. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, ikawa jamhuri mwaka 1966, na mwaka 1971 Dakta Hastings Kamuzu Banda akatangazwa kuwa Rais wa maisha. Kilikuwako chama kimoja tu, na nguzo zake zilikuwa nne: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu. Mtoto wa shule alizijua nguzo hizo kama alivyojua jina la baba yake. Maneno yenyewe hayana ubaya. Hakuna kambi ya jeshi wala kituo cha polisi kinachoweza kwenda bila utii na nidhamu. Kasoro ilikuwa katika lile lililoachwa. Katika nguzo zote nne hapakuwa na hata moja iliyomwambia mtoto kwamba siku moja angekuwa na haki ya kuuliza swali, kuhesabu kura, au kumtaka kiongozi atoe maelezo. Mtoto aliandaliwa kuwa mtu wa kutawaliwa vizuri, na hayo yalitajwa kuwa ndiyo elimu ya uraia.

Mwezi Machi 1992 maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa waraka uliosomwa makanisani, wakaeleza hadharani mambo ambayo watu walikuwa wakinong'onezana. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1993, wananchi waliitwa kwenye kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakachagua mfumo wa vyama vingi. Hata hivyo, kura peke yake haikutosha kuondoa hofu, kwa sababu chama kilikuwa bado na kikosi chake chenye silaha, yaani Vijana Waanzilishi wa Malawi. Mwezi Desemba 1993, baada ya askari wa jeshi kuuawa na vijana hao katika mji wa Mzuzu, Jeshi la Malawi liliwanyang'anya silaha katika operesheni iliyoitwa Bwezani, neno la Kichewa lenye maana ya rudisheni. Miezi mitano baadaye, tarehe 17 Mei 1994, wananchi walipiga kura. Dakta Banda akashindwa na Bakili Muluzi, naye akayakubali matokeo. Tangu siku hizo Malawi ina jeshi moja tu, na hakuna chama chenye bunduki zake chenyewe. Somo la uraia la leo linasimama juu ya msingi huo.

Katiba iliyotokana na mabadiliko hayo inasema kwamba mamlaka yote ya dola yanatoka kwa wananchi, na kwamba wenye kuyashika wamekabidhiwa kama amana. Katiba hiyo hiyo inalitaka jeshi kutetea utaratibu wa kikatiba, na inakataza polisi kutumia kazi yao kukikuza au kukidhoofisha chama chochote cha siasa. Hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu wa Malawi anatakiwa kuyafanya yaeleweke kwa mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kupiga kura na hataruhusiwa kupiga mpaka atimize miaka 18.

Je, mwalimu huyo anafundisha nini hasa? Ushiriki wa raia una milango mingi, lakini kwa wanafunzi wa umri huo yafaa kutaja minne. Mlango wa kwanza ni kura. Wa pili ni baraza la chini, yaani kamati ya maendeleo ya kijiji, diwani na halmashauri ya wilaya. Wa tatu ni mahakama. Wa nne ni mkusanyiko wa amani, mahali ambapo raia wasio na silaha hutoa sauti yao kwa pamoja. Nyuma ya kila mlango, mwanafunzi akichungulia vizuri, atamwona askari. Yeye ndiye anayelinda sanduku la kura, anayehakikisha kwamba mkutano wa kijiji hauvunjwi na wahuni, anayemfikisha hakimu mahakamani salama, na anayesimama kando ya barabara maandamano yanapopita.

Mwalimu anayejua kazi yake haanzi na maneno makubwa. Huanza na hesabu. Na tuseme darasa lina wanafunzi 40, na watatu kati yao wanagombea ukiranja. Kura zikihesabiwa, wa kwanza amepata 16, wa pili 14, na wa tatu 10. Nani ameshinda? Wengi watajibu kwamba ni yule wa kwanza. Lakini mwalimu atauliza swali la pili: wanafunzi 24 ambao hawakumchagua, je, wamekubali kuongozwa naye? Ikiwa sheria ya darasa inadai zaidi ya nusu ya kura, basi mshindi lazima apate 21, na uchaguzi hauna budi kurudiwa baina ya wawili wa mbele. Mtoto aliyefanya zoezi hilo kwa vipande vya karatasi na boksi la chaki ameelewa jambo ambalo baadaye lilisumbua vichwa vya wanasheria wa nchi nzima.

Kwa maana hayo ndiyo yaliyotokea. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 14 mwaka 2015 alitimiza miaka 18 mwaka 2019, akawa miongoni mwa wapiga kura wapya. Tarehe 21 Mei 2019 ulifanyika uchaguzi mkuu. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Peter Mutharika kuwa mshindi kwa asilimia 38.57, akifuatiwa na Lazarus Chakwera kwa asilimia 35.41 na Saulos Chilima kwa asilimia 20.24. Lakini fomu nyingi za matokeo zilikuwa na dosari. Tarakimu zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe wa kufutia, ule ambao kila karani wa ofisi anaujua, kisha zikaandikwa nyingine juu yake. Fomu nyingine hazikuwa na saini zilizotakiwa. Wagombea wawili walioshindwa wakaingia katika mlango wa tatu, yaani mahakama.

Kesi hiyo ilisikilizwa na majaji watano wa Mahakama Kuu. Siku ya hukumu, tarehe 3 Februari 2020, majaji hao walifikishwa mahakamani wakisindikizwa na askari wa jeshi na wakiwa wamevaa vizibao vya kuzuia risasi. Hukumu ilisomwa kwa saa nyingi, na nchi nzima ikaisikiliza katika redio. Majaji walitamka kwamba uchaguzi wa Rais ulikuwa batili, wakaamuru urudiwe katika muda wa siku 150, na wakaeleza kwamba mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura. Tarehe 8 Mei 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni 2020, na Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Kabla ya hapo ilikuwako nchi moja tu katika Afrika ambako mahakama ilibatilisha uchaguzi wa Rais, nayo ni Kenya mwaka 2017. Malawi ikawa ya pili, na ya kwanza ambako aliyekuwa madarakani alishindwa katika marudio.

Hapo mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba taifa lilirudia uchaguzi kwa sababu watu walikataa kuyaamini maandishi yaliyofutwafutwa. Aliyeandika tarakimu isiyo sahihi katika fomu anatakiwa kuikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, aandike iliyo sahihi, na yeye na mashahidi watie saini. Polisi yeyote anayejaza kitabu cha matukio kituoni anaijua kanuni hiyo. Jambo linalomlinda mshtakiwa katika kitabu cha kituo ndilo linalomlinda mpiga kura katika fomu ya matokeo.

Lakini baina ya Mei 2019 na Februari 2020 kulikuwa na miezi minane migumu, na katika miezi hiyo mlango wa nne, ule wa mkusanyiko wa amani, ulifunguliwa kwa nguvu. Katiba ya Malawi inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria inawataka waandaaji watoe taarifa mapema kwa mamlaka ya wilaya na kwa polisi, ili barabara zipangwe na usalama uandaliwe. Maelfu ya watu waliandamana Lilongwe, Blantyre, Mzuzu na miji mingine. Mara nyingi maandamano yalikwenda kwa utulivu. Mara nyingine yaliingiliwa na uporaji, majengo yakachomwa moto, na mabomu ya machozi yakapigwa.

Katika siku hizo watu wa Malawi waliona jambo ambalo hawajalisahau. Askari wa jeshi walitembea pamoja na waandamanaji, wakasimama baina yao na wale waliotaka kuwadhuru, wakawazuia pia waandamanaji wenyewe wasivunje maduka. Jeshi halikuchukua madaraka wala halikumchagulia mtu Rais. Lilikaa mahali ambapo Katiba imeliweka. Mwezi Machi 2020 mkuu wa majeshi, Jenerali Vincent Nundwe, aliondolewa katika wadhifa wake, lakini jeshi likaendelea kutii utaratibu, uchaguzi ukafanyika, na mwaka huo huo Jenerali huyo akarudishwa kazini na Rais mpya. Mwanafunzi anayeusoma mfululizo huo hujifunza kwamba utii wa askari una anwani yake. Anwani hiyo ni Katiba, na amri halali hupitia humo.

Haitakuwa haki kueleza mema peke yake. Mwezi Oktoba 2019, katika eneo la Msundwe, magharibi ya Lilongwe, wananchi wenye hasira walifunga barabara, na ofisa mmoja wa polisi aliyekuwa kazini akauawa kwa kupigwa mawe. Alikuwa mtumishi wa umma, na kifo chake hakina sifa yoyote ya demokrasia. Umati ulioshika mawe ulikuwa umekwisha toka nje ya mlango wa mkusanyiko wa amani. Lakini yaliyofuata yaliongeza msiba juu ya msiba. Polisi walipoingia katika vijiji vya eneo hilo, wanawake na wasichana walilalamika kwamba walibakwa na kudhalilishwa na baadhi ya askari. Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ilichunguza malalamiko hayo, na mwezi Agosti 2020 Mahakama Kuu ikaamuru wanawake hao walipwe fidia.

Mwalimu wa kidato cha pili mwenye darasa karibu na mahali kama hapo anafundishaje demokrasia? Kuna wanafunzi ambao kaka zao walishika mawe, na kuna wanafunzi ambao baba zao ni polisi. Pengine wako wasichana waliojificha porini usiku ule. Mwalimu akikwepa jambo hilo na kurudi kwenye maana ya neno demokrasia, wanafunzi watajua kwamba anaogopa, nao hawatamwamini tena. Akilieleza kwa ushabiki, atawasha moto upya. Njia iliyobaki ni ngumu lakini ni ya kweli: kuwaonyesha kwamba kosa la umati halifuti haki ya mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake, na kwamba kosa la askari wachache halihalalishi jiwe. Kila kosa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hupelekwa mahakamani kwa jina lake. Adhabu ya kijiji kizima ni kisasi, hata ikitolewa na watu waliovaa sare.

Pamoja na hayo, somo la ushiriki lingekuwa na upungufu mkubwa kama lingezungumzia uchaguzi na maandamano peke yake. Uchaguzi hufanyika mara moja katika miaka mitano, na siku zilizobaki ni nyingi. Watu wa Malawi wana methali isemayo kwamba kichwa kimoja hakibebi paa, na paa hilo huinuliwa kijijini. Kisima kikiharibika, ni kamati ya maendeleo ya kijiji inayopaswa kukutana. Dawa zikipungua katika zahanati, ni diwani anayepaswa kuulizwa. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu mlango huo wa pili ulikuwa umefungwa: baada ya mabaraza yaliyochaguliwa mwaka 2000 kumaliza muda wake mwaka 2005, hapakuwa na uchaguzi mwingine wa madiwani mpaka Mei 2014. Kwa miaka tisa mwalimu alichora ubaoni ngazi ya utawala iliyokuwa na kidato kilichovunjika. Wanafunzi wa miaka hiyo walifundishwa kazi za diwani bila ya kumwona diwani.

Udhaifu wa namna hiyo umo pia ndani ya shule zenyewe, wala si Malawi peke yake. Mwanafunzi huweza kuandika katika mtihani sifa tano za demokrasia bila kosa, ilhali katika shule yake viranja wote huteuliwa na mwalimu, hakuna mkutano wa wanafunzi, na anayeuliza habari za chakula cha mchana huadhibiwa kwa utovu wa adabu. Mtoto huyo hujifunza masomo mawili kwa wakati mmoja, moja la daftarini na jingine la maishani, na lile la maishani ndilo litakalobaki. Shule iliyo makini huwaachia wanafunzi mambo wanayoweza kuyaamua: kuchagua viranja kwa kura ya siri, kuhesabu kura mbele ya mashahidi, kujadili hoja kwa zamu pasipo matusi, na kumwalika diwani aje ajibu maswali. Ingefaa pia aalikwe mkuu wa kituo cha polisi. Wanafunzi wakimsikia akieleza kwa nini taarifa ya maandamano hutolewa mapema, na wakamwuliza ni lini askari anaruhusiwa kutumia nguvu, pande zote mbili zitakuwa zimejuana kabla ya siku ya kukutana barabarani.

Kuna wanaohofu kwamba kumfundisha mtoto haki zake ni kumpa jiwe la kutupia serikali. Mambo ya Malawi hayaungi mkono hofu hiyo. Tarehe 16 Septemba 2025 wananchi wa nchi hiyo walikwenda tena kupiga kura katika hali ngumu ya maisha, bei zikiwa zimepanda na mafuta yakiwa adimu. Safari hii Rais aliyekuwa madarakani, Lazarus Chakwera, alishindwa na yule yule Peter Mutharika, aliyepata zaidi ya asilimia 56 ya kura. Chakwera akakubali kushindwa, na tarehe 4 Oktoba 2025 Mutharika akaapishwa. Yule mtoto wa miaka 14 wa mwaka 2015 alikuwa sasa na miaka 24. Alikuwa ameona uchaguzi ukibatilishwa, ukirudiwa, na madaraka yakibadilishana mikono mara mbili kwa karatasi ya kura. Anayejua kwamba mlango wa kura na wa mahakama uko wazi hana sababu ya kuvunja ukuta.

Funzo hili linawahusu wenye sare kwa njia mbili. Kwanza, wao pia ni wazazi. Jioni moja katika nyumba za askari, mtoto wa kidato cha kwanza ataleta daftari lake na kumwuliza baba au mama: kazi ya polisi katika demokrasia ni nini? Jibu atakalopewa hapo litakuwa na uzito kuliko ukurasa wowote wa kitabu, kwa sababu linatoka kwa mwenye kazi. Pili, siku itakapofika ya kusimama na ngao mbele ya umati, yafaa askari akumbuke kwamba wengi wa vijana walio mbele yake waliketi darasani juzi tu, wakafundishwa na mwalimu anayelipwa na serikali ile ile inayomlipa yeye, kwamba raia ana haki ya kusema. Mwalimu amekwisha toa ahadi kwa niaba ya taifa, na askari ndiye aliyewekwa mahali pa kuitimiza.

Malawi imeonja matunda ya ahadi hiyo ilipotimizwa na uchungu wake ilipovunjwa. Waandamanaji waliotembea kando ya askari wa jeshi mwaka 2019 watawasimulia watoto wao. Na wanawake wa Msundwe nao watasimulia. Masimulizi hayo yote mawili yataingia darasani, yawe yamo katika mtaala au hayamo, na mwalimu atatakiwa kuyajibu. Askari wa leo, katika nchi yoyote ile, anaweza kumrahisishia mwalimu huyo kazi yake, au kumfanya aonekane mwongo mbele ya watoto.